Dalali wa Shingo Yako

Tanzania watu wamezoea ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii." Anayeupokea anajua papo hapo kwamba kuna mtu anataka pesa zake, anacheka, anaufuta. Ukihamia Uingereza utakutana na simu ya aina nyingine, nayo inababaisha zaidi kwa sababu mpigaji haombi kitu. Anataka kukupa. Sauti ni ya upole, na habari yenyewe inakuhusu: tumearifiwa kwamba ndani ya miaka mitatu iliyopita ulipata ajali ya gari ambayo haikuwa kosa lako, na kuna fidia inayokusubiri. Na ni kweli. Mwezi uliopita uligongwa kwa nyuma kwenye taa za barabarani, bampa likabonyea, mkapeana namba na yule dereva, kila mmoja akaenda zake. Sasa huyu amejuaje?

Mara nyingi hajui lolote. Sentensi hiyo imeshonwa imwenee kila mtu. Anataja miaka mitatu kwa sababu sheria ya Uingereza humpa aliyeumia miaka mitatu ya kufungua madai mahakamani, hivyo ajali ya zamani zaidi haina soko. Anasema haikuwa kosa lako kwa sababu ni dereva gani anayekiri moyoni kwamba kosa lilikuwa lake? Kompyuta inapiga namba kwa maelfu, na katika nchi yenye magari mengi hivyo, lazima baadhi ya wanaopokea wawe wamegongwa karibuni. Anayekata simu, amekata. Anayeshtuka na kuuliza "nani kawaambia?" amekwisha kuthibitisha kwamba ajali ilikuwapo. Kuanzia hapo maswali yanakuja kwa utaratibu: ilikuwa lini, wapi, gari la aina gani, namba zake ngapi. Unajibu kwa nia njema, na wakati simu inakatika faili lako limeshajaa, tena kwa kinywa chako mwenyewe. Akipiga wa pili wiki ijayo, huyo atakuwa anajua kweli.

Wapo pia wanaojua tangu mwanzo, kwa sababu habari za ajali huuzwa. Novemba 2018 mfanyakazi mmoja wa karakana za kutengeneza magari yaliyogongwa alifungwa miezi 6. Alikuwa akitumia nywila za wenzake kuingia kwenye programu ya kukadiria gharama za matengenezo na kuchota majina na namba za simu za wateja. Kesi hiyo ilifunguliwa na Ofisi ya Kamishna wa Habari, ICO, na ilikuwa mara ya kwanza kwa ofisi hiyo kumpeleka mtu jela kwa kutumia sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 1990. Fikiria gari lako linapita mikononi mwa watu wangapi baada ya kugongwa: anayelivuta, anayelihifadhi, anayelikadiria, anayelinyoosha, anayekukodisha jingine. Mmoja tu mwenye tamaa anatosha. Njia ya tatu ni ile tunayojifungulia wenyewe, tunapoingia bahati nasibu za mtandaoni au kulinganisha bei za bima na kuweka tiki kwenye kiboksi kinachosema namba yako inaweza kupewa "washirika teule."

Jambo la kushika kuliko yote ni hili. Tangu tarehe 8 Septemba 2018, kampuni za udalali wa madai haziruhusiwi kukupigia simu za kutafuta biashara isipokuwa wewe mwenyewe umekubali kabla. Mawakili nao wanakatazwa na kanuni za taaluma yao kuwafuata watu wasiowajua ili wawape kazi. Kwa hiyo anayekupigia bila mwaliko kukuhimiza udai fidia ama anavunja sheria ama anakusanya mali kwa niaba ya anayeivunja, na huhitaji kumsikiliza hadi mwisho ndipo uamue kama ni mtu wa kuaminika. Simu yenyewe imeshajibu.

Tofauti iko moja, na huwachanganya wengi. Ukishairipoti ajali kwa kampuni yako ya bima, wao au mawakili na mafundi wanaoshirikiana nao wanaweza kukupigia, na simu hiyo ni halali. Utawatofautishaje? Usijaribu kuwatofautisha kwa sauti, wala kwa namba inayoonekana kwenye kioo cha simu, maana namba huweza kughushiwa. Kata, chukua hati yako ya bima, piga namba iliyochapishwa humo, uliza kama kuna mtu wao aliyekuwa anakutafuta. Mtu halali hatakasirika. Anayekwambia ofa inaisha leo saa kumi na moja jioni amekwisha kujitambulisha.

Dalali anakula wapi

Ukielewa anachokitafuta, maneno yake yote yatakuwa wazi. Zamani biashara ilikuwa rahisi: dalali anampelekea wakili mteja, wakili anamlipa dalali ada ya kichwa. Ada hizo zilipigwa marufuku kwa kesi za majeruhi mwezi Aprili 2013, lakini biashara haikufa, ilibadilisha nguo tu. Kisha tarehe 31 Mei 2021 sheria ikabana upande wa pili. England na Wales zikaweka viwango maalumu vya fidia kwa maumivu ya shingo, mgongo na mabega yanayompata mtu ndani ya gari, yale yanayotokana na kichwa kurushwa mbele na nyuma. Maumivu yasiyozidi miezi mitatu yalipangiwa pauni 240. Kwa ajali zilizotokea kuanzia tarehe 31 Mei 2025 kiwango hicho ni pauni 275, au 300 ikiwa pamoja na maumivu kuna mtikisiko mdogo wa akili.

Zitazame vizuri hizo namba, kisha mkumbuke mtu aliyekwambia simuni kuna maelfu. Ili mtu afikie maelfu kwa shingo peke yake, kwa viwango hivi, lazima aumwe zaidi ya mwaka mzima na daktari athibitishe. Mkataba wa "usiposhinda hulipi" kwa kawaida humkatia wakili sehemu ya fidia yako, mara nyingi hadi robo, na penginepo huongezwa gharama za bima ya kesi. Madai madogo kama haya hayamlazimishi aliyekugonga kulipa ada ya wakili wako, hivyo kila senti ya wakili inatoka kwenye hizo 275.

Ndiyo maana dalali wa siku hizi hataki shingo tu. Anataka gari. "Tutakuletea gari jingine la hadhi ya lako, kesho asubuhi, bila malipo." Hapa ndipo watu wetu wengi hunasa, hasa mhudumu wa wazee anayezunguka nyumba hadi nyumba au dereva wa kupeleka vyakula, ambaye siku moja bila gari ni siku bila mshahara. Gari linakuja kweli, safi, linanukia upya. Unachotia sahihi ni mkataba wa kukodi gari kwa mkopo, kwa bei ya siku ambayo huweza kuwa mara kadhaa ya bei ya duka la kukodisha la mtaani. Mdaiwa kwenye karatasi ni wewe. Kampuni inatarajia kuzirudisha pesa zake kutoka kwa bima ya aliyekugonga, na mara nyingi hufanikiwa. Lakini bima ile ikibisha kwamba na wewe ulichangia kosa, au kwamba ulikuwa na gari jingine nyumbani, au kwamba ulikuwa na uwezo wa kukodi kwa bei ya kawaida ukalipa mfukoni, hakimu anaweza kukata sehemu kubwa, na ndipo unapolisoma jina lako kwenye mkataba kwa macho mapya. Hata ikienda vizuri, umejifunga kutoa ushahidi mahakamani katika kesi ambayo faida yake si yako. Kabla ya kukubali gari la mtu yeyote, uliza bima yako kama mkataba wako una gari la badala. Kisha uliza bima ya aliyekugonga. Kosa likiwa la wazi, wao wenyewe hupendelea kukupa gari kuliko kuja kudaiwa la mkopo.

Halafu linakuja swali linaloulizwa kwa wepesi kabisa, kama mtu anayekuuliza habari za nyumbani: "Mlikuwa wangapi ndani ya gari?"

Kila abiria ni dai jipya, na kila dai lina ulaji wake. Ukijibu ulikuwa peke yako, wapo watakaokudodosa: una hakika? Hapakuwa na mke, mtoto, rafiki? Na hapa niseme bila kuzunguka, kwa sababu tunajuana. Yupo atakayemfikiria binamu aliyefika juzi, hana kazi, na pauni mia mbili zingemfaa. Usifanye hivyo. Kumtia kwenye karatasi abiria ambaye hakuwamo ni ulaghai chini ya sheria ya 2006, ambayo adhabu yake ya juu ni miaka 10 jela. Tangu 2012 Polisi wa City of London wana kikosi kizima kinachoshughulikia ulaghai wa bima na hakuna kingine. Kampuni za bima zina hazina ya pamoja ya kumbukumbu za madai, na mtu anayeibuka abiria katika ajali mbili tatu huonekana hapo mara moja. Kwa asiye raia mzigo ni mzito zaidi: kifungo cha miezi 12 au zaidi humfungulia mgeni mlango wa kurudishwa kwao, hata kama ameishi nchini miaka mingi na watoto wamezaliwa hapo.

Uongo kuhusu abiria unaweza pia kukuharibia dai lako la kweli. Sheria ya 2015 inamtaka hakimu alitupe dai zima la mtu aliyekuwa mwongo katika jambo la msingi, pamoja na ile sehemu aliyoumia kwelikweli, isipokuwa kufanya hivyo kungekuwa dhuluma kubwa. Na dalali aliyekushauri? Hayumo kwenye karatasi. Sahihi ni yako.

Simu ikilia

Huna deni la adabu kwa mtu huyu. Sisi tumelelewa kutomkatia mtu maneno, na wapigaji wanaujua vizuri uungwana wa wageni. Mtu anayeona haya kukata simu ndiye mteja wao bora. Sema "sihitaji, msinipigie tena," kata. Usithibitishe jina, usitaje tarehe, usiseme kama uligongwa au hukugongwa. Ikiwa ni sauti ya mashine inayokwambia ubonyeze 9 uondolewe kwenye orodha, usibonyeze, kwa sababu unachokifanya ni kuwaambia kwamba namba hii ina mtu hai.

Ukiwa na subira na ungependa kuwaadhibu, basi tumia dakika moja kwa faida: uliza jina kamili la kampuni, anwani yake, na walikoitoa namba yako. Wengi watakata wenyewe. Andika namba iliyopiga, siku na saa, upeleke malalamiko ICO kupitia tovuti yao, hakuna malipo. Ofisi hiyo imetoza kampuni za aina hii faini za mamia ya maelfu ya pauni, na tangu Desemba 2018 wakurugenzi wenyewe wanaweza kutozwa, jambo lililokusudiwa kuubana ule mchezo wa kufunga kampuni leo na kuifungua kesho kwa jina jingine. Ukiletewa ujumbe mfupi badala ya simu, usiujibu hata kwa neno la kujitoa. Usambaze kwenda namba 7726, ni bure. Jiandikishe pia katika TPS, daftari la wasiotaka simu za biashara. Hutozwi kitu, na huchukua hadi siku 28 kuanza kufanya kazi. Daftari hilo litapunguza simu za kampuni zinazoogopa sheria. Zisizoogopa zitaendelea kidogo, kisha zitachoka na mtu asiyejibu.

Na kama umeumia kweli?

Hapa sitaki ueleweke vibaya na ukaingiwa woga wa kudai haki yako. Kugongwa kwa nyuma hata kwa mwendo mdogo huweza kuiumiza shingo, na maumivu yake yana tabia ya kuchelewa: jioni ya ajali uko mzima, kesho yake au kesho kutwa huwezi kugeuza kichwa. Wengi hupona ndani ya miezi miwili au mitatu. Nenda kwa daktari wako au piga 111 upate ushauri, na usingoje hadi upone ndipo useme. Ukihisi ganzi mikononi, udhaifu wa miguu au kichwa kinauma vibaya, usingoje kabisa.

Anza pale barabarani. Piga picha magari yote mawili, namba zake, barabara na taa. Chukua jina, anwani na bima ya mwenzio, pamoja na simu za mashahidi. Ikiwa kuna aliyeumia na hamkuonyeshana hati za bima, sheria inataka polisi waarifiwe ndani ya saa 24. Kisha iarifu bima yako, hata kama hutaki kudai chochote, kwa sababu mikataba karibu yote inadai hivyo, na kunyamaza kunaweza kukugharimu baadaye kuliko bampa lenyewe. Nikuonye mapema: bei ya bima inaweza kupanda mwaka ujao ingawa kosa halikuwa lako. Si haki, lakini ndivyo wanavyohesabu.

Kudai fidia ya maumivu hakuhitaji dalali, na mara nyingi hakuhitaji hata wakili. Kwa ajali za England na Wales, mtu mzima aliyekuwa ndani ya gari, ambaye majeraha yake hayazidi thamani ya pauni 5,000 na dai zima halizidi 10,000, anaweza kudai mwenyewe, bure, kupitia tovuti ya Official Injury Claim. Inaendeshwa na MIB, shirika la kampuni za bima za magari lililoanzishwa 1946, ambalo pia ndilo huwalipa wanaogongwa na madereva wasio na bima au waliotoroka. Utahitaji tarehe na mahali pa ajali, namba za gari lililokugonga, na namba yako ya bima ya taifa. Kiingereza cha fomu hizo ni cha kawaida, lakini kikikulemea, mwombe mtu unayemwamini akae nawe, au nenda Citizens Advice. Usimpe mtu mwingine akujazie ukiwa hupo.

Bima ya upande wa pili ina siku 30 za kazi kujibu kama inakubali kosa. Ikikubali, unapelekwa kwa mtaalamu wa afya kwa ripoti ambayo wao ndio wanaoigharamia. Mwambie ukweli ulivyo: lini yalianza, yanauma wapi, siku ngapi hukwenda kazini. Usipunguze kwa kujikaza kama tulivyozoea, na usiongeze. Kampuni ya bima hairuhusiwi kukupa pesa za shingo kabla ya ripoti hiyo, kwa hiyo anayekupigia na kusema "pokea pauni 500 leo tumalize" anakupa kitu ambacho sheria imekikataza. Mshahara uliokatwa, dawa na nauli za kwenda hospitali hudaiwa kando ya kile kiwango. Weka risiti.

Kuna pahali ambapo wakili anahitajika kweli: bima ikikataa kosa na kukubandika wewe, mfupa ukivunjika, au maumivu yakiendelea mwaka na zaidi. Aliyegongwa akiwa mtoto, mtembea kwa miguu, mwenye baiskeli au pikipiki hayumo katika utaratibu ule wa tovuti, na dai lake lina njia tofauti. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao pia. Hata hapo, wakili mtafute wewe, asikutafute yeye. Tazama kwanza kama bima yako ya gari ina kifungu cha gharama za kisheria. Ikiwa wewe ni muuguzi au mhudumu na unalipa ada ya chama cha wafanyakazi, wapigie hao kabla ya mtu mwingine yeyote, maana vyama vingi huwapa wanachama mawakili wa ajali, na wengi wetu tunakatwa ada hiyo kila mwezi bila kujua inanunua nini.

Kama ulishakubali kabla ya kusoma haya, tazama tarehe. Mkataba uliofungwa kwa simu au mtandaoni na kampuni ya madai unaweza kuuvunja ndani ya siku 14 bila kulipa. Andika barua pepe, sema unajitoa, taja namba ya faili, hifadhi nakala. Simu peke yake haiachi ushahidi. Baada ya siku hizo bado unaweza kujitoa, lakini wanaweza kukudai ada ya kazi waliyokwisha kuifanya, nawe una haki ya kuomba hesabu yake kwa maandishi. Angalia jina la kampuni kwenye daftari la mamlaka ya fedha, FCA, ambayo ndiyo inayozisimamia tangu Aprili 2019. Wakikusumbua, lalamika kwao kwanza kwa maandishi, kisha kwa Claims Management Ombudsman. Kama aliyekukera ni wakili, ni Legal Ombudsman. Kama walishakupa gari la mkopo, waulize leo kwa maandishi bei ya kila siku na nani anayedaiwa, na likiwa bado mlangoni kwako wakati gari lako limeshatoka kwa fundi, lirudishe asubuhi.